Maswali ya Wasomaji: Joto la Injini Ndani ya Chombo cha Tanga

Tangu majahazi na mashua za pwani yetu zianze kufungwa injini za dizeli ndani ya shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, manahodha wamekuwa wakituandikia kuhusu joto. Katika toleo hili tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake ametaja kwa kupita tu jambo moja ambalo kwetu ni zito kuliko yote aliyoyauliza.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni nahodha wa jahazi linalochukua watalii kati ya Lamu, Manda na Kiwayu. Tumefunga injini ya dizeli ya silinda nne chini ya sitaha ya nyuma, na mbele yake tukajenga kabini yenye vitanda viwili. Ekzosi ni kavu, yaani haipozwi kwa maji. Bomba linapanda kutoka kwenye injini na kutokea ubavuni karibu na tezi, nyuma kabisa. Tukienda kwa mashine saa mbili hivi, kiambaza kati ya injini na kabini kinakuwa cha moto kiasi kwamba mtu hawezi kukiegemea, na wageni wanaolala humo huamka wakilalamika kuumwa na kichwa kwa joto. Fundi amenishauri nibandike sponji ya godoro kiambaza kizima na kuziba kila tundu lililobaki. Je, nifuate ushauri huo? – Nahodha, Lamu

JIBU: Nahodha, tunakuomba usimlaze mtu yeyote katika kabini hiyo mashine ikiwa inafanya kazi, mpaka uwe umekagua ekzosi kutoka mwanzo hadi mwisho. Joto linaweza kuumiza kichwa, ni kweli, lakini mtu aliyelala nyuma ya ubao mmoja tu kutoka kwenye ekzosi kavu akiamka na maumivu ya kichwa, jambo la kwanza kushuku ni moshi. Ndani ya moshi wa injini mna gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na humlevya aliyelala kabla hajapata nafasi ya kuamka. Injini ya dizeli hutoa gesi hiyo kwa kiwango kidogo kuliko ya petroli, lakini katika chumba kilichofungwa kiwango kidogo kinatosha kuleta madhara.

Kagua gasketi mahali bomba linapoungana na injini, kagua kila kiungo na kila tundu la kutu, na utafute masizi. Popote palipo na mstari mweusi uliojichora pembeni mwa kiungo, moshi unapita hapo. Angalia pia namna moshi unavyorudi chomboni kutoka nje. Unapokwenda Kiwayu wakati wa kusi, upepo unakufuata kwa nyuma, na chombo kikikimbia karibu sawa na upepo, moshi unaotoka ubavuni hauendi popote. Unabaki ukielea juu ya shetri na kuvutwa ndani ya kabini kupitia mlango ulio wazi. Katika safari kama hizo fungua tundu la mbele la kabini ili hewa iingie kutoka omo, yaani mbele ya chombo, na kusukuma ile ya nyuma itoke. Tena nunua kifaa cha kutambua kaboni monoksidi, ukifunge ndani ya kabini kimo cha mtu aliyelala. Kifaa hicho si ghali, nasi hatuoni kwa nini chombo kinacholaza abiria kiende baharini bila nacho.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Injini yako ikitumia lita 5 kwa saa, basi kilowati 50 zinaachiliwa ndani ya shetri yako muda wote unaosafiri. Takriban theluthi moja inakwenda kuzungusha rafadha (propela), theluthi nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki inabebwa na maji ya kupozea. Lakini asilimia 5 hivi hutoka kwenye mwili wa injini wenyewe na kuingia katika hewa iliyoizunguka, yaani kama kilowati 2.5, ambazo ni sawa na kuwasha majiko mawili ya umeme ndani ya sanduku la mbao na kuyaacha yawake mpaka ufike. Na hapo hatujahesabu ekzosi kavu, ambayo karibu na injini hufikia nyuzi 400 za Selsiasi au zaidi, nayo inaongeza joto lake katika chumba hicho hicho.

Joto hilo halimalizwi kwa sponji. Ukilizuia lisiende kabini na hujalipa njia nyingine ya kutoka, litabaki na injini, na chumba kitapanda kutoka nyuzi 50 hadi 60, kisha 70. Mikanda, mipira na nyaya zitakauka na kupasuka, na injini yenyewe itapungua nguvu, kwa kuwa hewa ya nyuzi 60 ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 ya ujazo ule ule. Kwa jahazi kuna hasara nyingine ambayo mafundi wa mashine huwa hawaijui kwa sababu si kazi yao: mbao za juu ya maji katika shetri hukauka kwa ndani, hunywea, na kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, hulegea. Nahodha anayeona nyuzi za pamba zikichungulia katikati ya mbao za nyuma tu, huku za omo zikiwa imara, ajue kwamba injini inamkaushia chombo.

Kwa hiyo tunashauri ufuate mpangilio huu: uanze na ekzosi, uendelee na hewa, na kihami joto kije mwisho. Mafundi wengi huanza na kihami kwa sababu ndicho kinachouzwa dukani na ndicho mteja anachokiona kwa macho.

Ekzosi kavu ivikwe yote, tangu inapotoka kwenye injini hadi inapotoka nje ya chombo, kwa kitambaa cha nyuzi za kioo au cha kauri, kisha ifunikwe kwa bati jembamba ili kitambaa kisichanike wala kisinywe mafuta. Katika meli kubwa, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kila sehemu yenye joto la zaidi ya nyuzi 220 ambayo inaweza kurushiwa mafuta ihamiwe. Jahazi lako haliko chini ya kifungu hicho, lakini dizeli inayovuja kutoka kwenye bomba lililopasuka haichagui ukubwa wa chombo. Mahali bomba linapopenya ubao pasiguse mbao kabisa. Pawe na mwanya na bamba la chuma pande zote, maana ubao uliokaushwa na joto kwa miezi mingi hushika moto kwa urahisi zaidi kuliko ubao mpya, na unaweza kuanza kuungua polepole ndani kwa ndani bila mtu kuona mwali. Iwapo ekzosi hiyo tayari ina kitambaa cha zamani cha kijivu kinachomumunyika, usikikwangue kikiwa kikavu. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Mwite anayejua namna ya kukitoa.

Baada ya hapo, hewa. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 2,400 kwa dakika hunyonya karibu mita za ujazo 2.4 za hewa kila dakika kwa ajili ya kuunguza mafuta tu. Kuondoa kilowati 2.5 za joto bila kuruhusu chumba kipande zaidi ya nyuzi 15 juu ya hewa ya nje kunahitaji kama mita za ujazo 9 nyingine kila dakika. Hewa hiyo haipiti katika tundu la ukubwa wa ngumi. Ikipita kwa mwendo wa wastani wa mita 3 kwa sekunde, pamoja na ile inayonyonywa na injini, inahitaji nafasi ya kama sentimita 25 kwa 25 ya kuingilia, na nyingine isiyopungua hapo ya kutokea. Ya kuingilia ishushwe kwa mfereji hadi chini, karibu na ngama, yaani chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, lakini juu ya maji yake. Ya kutokea iwe juu kabisa, mahali hewa ya moto inapojikusanya. Na kwa kuwa upepo wa nyuma hausukumi hewa ndani ya tundu linalotazama omo, usitegemee upepo peke yake, funga feni.

Ili ujue kama mpangilio wako unafanya kazi, chukua uzi mmoja wa pamba ya kalafati, uuning'inize mbele ya tundu la kuingilia injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa safari na milango ya chumba cha injini ikiwa imefungwa. Uzi uvutwe ndani kwa upole. Kisha fungua mlango kidogo. Ikiwa mlango unavutwa ujifunge wenyewe, au sauti ya injini inabadilika na kuwa nyepesi mara tu unapoufungua, injini ilikuwa inakosa hewa. Jaribio hili huchukua dakika chache, nasi tunalipenda kwa sababu nahodha anaweza kulifanya mwenyewe na kuona jibu.

Hapo ndipo ufike kwenye kiambaza. Sponji ya godoro isitumike hata kidogo. Hunyonya mvuke wa mafuta kama utambi, na ikishika moto huungua kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu ndani ya chombo ambacho abiria hawana pa kukimbilia ila majini. Tumia pamba ya mawe au ya kioo yenye unene wa sentimita 5, upande wa injini uwe umefunikwa kwa karatasi ya alumini inayong'aa, kingo zote zizibwe kwa utepe wa alumini ili mafuta yasiingie, na ukomo wa chini uishie juu ya mahali maji ya ngama yanapofika. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya pamba hiyo na kiambaza. Hewa iliyotulia hapo inasaidia bila kugharimu chochote. Nyufa za kiambaza chenyewe zizibwe, hapo fundi wako yuko sahihi, lakini sababu yake ni moshi kwanza na joto baadaye.

Tuongeze neno moja ambalo huenda likakuokolea fedha. Jua la saa sita mchana hutua kwenye sitaha kwa nguvu ya karibu kilowati 1 kwa kila mita ya mraba. Sitaha ya mita 4 za mraba juu ya kabini yako, ikiwa imepakwa rangi nyeusi au mafuta meusi, inapokea joto linaloweza kuzidi lile linalotoka kwenye mwili wa injini. Tandika turubai jeupe juu yake, liinuliwe kiasi cha mkono mmoja ili upepo upite katikati, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

SWALI: Nina mashua ya kuvulia yenye tanga na injini ndogo ya ndani. Sanduku langu la barafu nimelijenga kwa mbao na stairofomu ya sentimita 5, nikaliegemeza kwenye kiambaza cha injini kwa sababu hakuna nafasi nyingine. Barafu ninayobeba kutoka Wete haifiki siku ya pili. Nifanye nini? – Mvuvi, Pemba

JIBU: Ndugu mvuvi, tufanye hesabu pamoja. Sanduku lenye kuta za jumla ya mita 2 za mraba, stairofomu kavu ya sentimita 5, nje nyuzi 30 na ndani sifuri, hupitisha wati 42 hivi, na joto hilo peke yake huyeyusha kilo 11 za barafu kwa siku kabla hujafungua kifuniko wala kuingiza samaki mmoja. Ukifanya unene kuwa sentimita 10, kilo 11 zinakuwa kilo 5 na nusu. Hakuna dawa nyingine inayoleta faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo.

Upande wa injini ndio mbaya zaidi. Kiambaza kikifika nyuzi 60, ukuta huo mmoja hupitisha joto mara mbili ya unavyopitisha ukiwa kwenye nyuzi 30. Isitoshe, stairofomu huanza kulainika na kunywea joto linapokaribia nyuzi 80, na huungua vibaya, kwa hiyo isiwekwe kamwe ikigusana na upande wa injini. Upande huo upe sentimita 15, sogeza sanduku liachane na kiambaza kwa upana wa vidole vitatu au vinne, na uupe upande wa injini kihami tulichomweleza nahodha wa Lamu.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, toboa tundu dogo chini ya sanduku na uitazame stairofomu uliyonayo. Ikidondosha maji ukiibonyeza kwa kidole, haihami tena, hata ungeiongezea unene. Maji ya barafu yakipenya kwenye viungo vya mbao hukaa humo mwaka mzima. Toa yote, kausha mbao, kisha weka povu gumu lisilopitisha maji na upake ndani faibaglasi bila kuacha mshono wazi. Bomba la kutolea maji ya barafu liwe na kona iliyopinda inayobaki na maji, ili hewa baridi isikimbilie huko, na lisimwage katika ngama. Maji yasiyo na chumvi huozesha mbao za chombo upesi kuliko maji ya bahari.

SWALI: Nilinunua mashua ya tanga ya faibaglasi iliyokwishatumika, yenye injini ya dizeli inayopozwa kwa maji ya bahari na ekzosi ya maji. Geji ya joto inatulia nikiwa nimesimama, lakini nikitumia tanga na mashine pamoja, chombo kikalala upande mmoja, inapanda. Je, nivike mafla na mpira wa ekzosi kihami joto? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Hapana, usivike. Katika ekzosi ya maji, maji ya bahari huingizwa kwenye moshi mara tu baada ya injini, na kutoka hapo hadi nyuma mpira unapaswa kuwa wa vuguvugu tu, kiasi cha mtu kuweza kuuacha mkono wake juu yake. Ukiufunika, unajinyima njia rahisi kuliko zote ya kujua kwamba maji yamepungua.

Barua yako yenyewe inaelekeza penye kasoro. Angalia ni upande gani chombo kikilala ndipo geji inapopanda. Ikiwa tundu la kunyonyea maji liko upande wa joshini wakati huo, yaani upande ulioinuka, huenda linatoka majini au linanyonya povu na hewa pamoja na maji. Lilaze tanga upande wa pili, uende muda ule ule kwa mwendo ule ule, na mtu mmoja akae nyuma akitazama maji yanayotoka na moshi. Yakitoka kwa kukatika-katika upande mmoja na kwa wingi upande mwingine, umepata jibu. Punguza tanga ili chombo kisilale sana unapotumia mashine, na utakapokipandisha pwani uhamishe tundu hilo karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo.

Yakipungua pande zote mbili, fuata njia ya maji kuanzia chini. Fungua chujio, maana katika hori lenu majani ya bahari na mifuko ya plastiki hunyonywa kwa urahisi. Hakikisha mpira wa kifuniko chake haujapasuka, kwa sababu hapo hewa huingia bila tone la maji kutoka. Kisha fungua pampu uitazame impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Kunja kila ubawa wa mpira kwa kidole gumba mpaka uone shina lake: ufa mwembamba kama unywele hapo ndio mwanzo wa kukatika. Ikiwa kuna ubawa uliokosekana, usifunge impela mpya na kuridhika. Kile kipande kimekwama mbele, na kisipotolewa geji haitatulia. Mwisho fungua kiko cha chuma ambako maji yanachanganyika na moshi. Masizi na chumvi hukijaza polepole hadi kubaki upenyo wa kupitisha kalamu.

Usikubali pia mtu akutolee themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, kwa kudhani injini itapoa zaidi. Injini zinazopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari huwekewa themostati ya nyuzi 60 au pungufu kidogo, kwa kuwa juu ya hapo chumvi huanza kuganda ndani ya njia za maji. Themostati ya gari, ya nyuzi 80 na zaidi, haifai humo kabisa.

SWALI: Betri zangu mbili ziko ndani ya chumba cha injini na hazimalizi mwaka. Muuzaji anasema ni bidhaa duni. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Huenda ni kweli, lakini betri ya risasi na asidi hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, kwa hiyo hata betri nzuri haitadumu katika chumba cha nyuzi 50. Kumbuka kwamba joto huzidi baada ya kuzima injini, kwa sababu maji yamesimama na chuma bado kina moto. Iache izunguke taratibu bila mzigo dakika chache kabla ya kuizima, na feni iendelee nusu saa baadaye. Hata hivyo dawa hasa ni kuzihamisha betri hizo hadi mahali pakavu penye hewa, maana zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na zifungwe mikanda zisihame chombo kikilala. Nyaya zitakazorefuka ziwe nene zaidi kuliko za awali, na fyuzi kuu iwekwe karibu na betri yenyewe.